Shajara ya mradi wa katuni: waya wa baharini, +255 na mchongoko

MWISHO WA JANUARI

Basi mradi umeanza rasmi, yaani rasmi kwa maana kwamba karatasi zimeshanunuliwa. Tupo watatu. Mimi naandika hadithi, kuna dada mchoraji anakaa Nkuhungu ambaye akishika penseli unajua tu huyu kazaliwa nayo, halafu kuna mwalimu wa Jiografia wa sekondari moja ya kata huku Chang'ombe, Dodoma, ndiye anayetupatia wanafunzi wa kusoma rasimu. Kazi yenyewe ni vijitabu vya katuni vya kurasa nane, kwa vijana wa kuanzia darasa la sita mpaka kidato cha pili, kuhusu teknolojia na jinsi nchi zinavyoshirikiana. Hela ya karatasi na wino tumepewa na watu fulani, siwataji, na pamoja na hela wakatupa muhtasari wao. Kwenye muhtasari huo ukurasa wa kwanza ni viongozi wawili wamepeana mikono, nyuma bendera zinapepea, juu kuna kiputo kimesema "Kwa pamoja tunaweza". Dada mchoraji akaangalia, akacheka, akasema hii sio katuni, hii ni kalenda ya ofisi.

Kabla hatujachora chochote mwalimu akashauri tuwaulize watoto wenyewe. Akawagawia vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari, swali moja tu: ushirikiano wa kimataifa ni nini? Nikakaa navyo usiku nikavisoma. Karibu vyote vinazunguka palepale, msaada, wafadhili, kuchimbiwa kisima, Wachina kujenga barabara, madawati. Mmoja kaandika "ni pale nchi tajiri inapoikumbuka nchi maskini", mwandiko mzuri kabisa, na chini kapiga mstari kwa rula. Siwezi kumlaumu, ndicho anachokisikia kwenye taarifa ya habari kila siku. Lakini mtoto huyohuyo akifika nyumbani anashika simu ya mama yake ambayo namba inaanza na +255, anaangalia video iliyokuja kwa waya uliolala chini ya bahari, jioni anaisikia treni ya umeme ikipita, na hakuna hata kimoja hapo kinachofanya kazi bila nchi kukaa meza moja wakakubaliana kipimo. Na kwenye meza hiyo Tanzania nayo ina kiti. Mimi nataka hicho kiti kionekane, mambo ya kukumbukwa na tajiri wayakute kwingine.

FEBRUARI

Wahusika tumewapata. Sechelela, kidato cha pili, mdadisi na mbishi, nyumbani wanamwita Seche. Binamu yake Ndahani anatengeneza simu karibu na soko la Sabasaba, anajua mengi ila nusu yake anabahatisha. Mama yake Seche anauza zabibu. Halafu Babu, mstaafu wa reli, ambaye kwake yeye kila kitu kilikuwa bora zamani. Nilitaka Babu awe mtu wa busara, dada mchoraji akakataa kata kata, akasema babu wa busara tumeshamchoka, mpe huyu ubishi. Na kweli, Babu ndiye anayependwa kuliko wote mpaka sasa hivi.

Sheria tulizojiwekea ni chache. Mtu mwenye tai haingii mpaka hadithi iwe imeshakolea. Kiputo kisizidi mistari mitatu. Na hakuna mtu kumweleza mwenzake kitu ambacho hajaulizwa, hii ndiyo ngumu kuliko zote maana mada kama hii inakuvuta kuhubiri, ukija kushtuka umeshamjazia Ndahani kiputo cha robo ukurasa anaongea kama mgeni rasmi.

Toleo la kwanza linahusu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kila mtu ana lake la kusimulia siku ile, mtandao ulidorora nchi nzima na majirani zetu vilevile, watu wanazima simu wanawasha, wananunua bando juu ya bando, wengine wanagombana na muuza vocha asiye na kosa lolote. Hadithi inaanzia hapo. Mama Seche ana mteja wake wa zabibu Dar anasubiri picha za makreti, picha haziendi, tiki moja tu tangu asubuhi. Seche anasema bando limeisha. Ndahani anasema simu ina tatizo la antena, alete elfu tano. Babu anasema enzi zao kulikuwa na simu ya upepo na haijawahi kuleta longolongo.

Mwalimu alipowasomea watoto wazo hili, binti mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, mama yuko Dodoma na mteja yuko Dar, sasa bahari inaingiaje hapo? Dah. Hilo swali nimelichukua kama lilivyo nikampa Seche, liko fremu ya nne, na ndilo linalosukuma hadithi yote. Jibu ni kwamba picha ikitoka Dodoma inapita kwenye mkongo wa taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano wa nchi, mpaka Dar, lakini mitambo ya kampuni ya WhatsApp inayoipokea na kuigawa ipo nje, kwa hiyo lazima ivuke bahari kwanza ndio irudi kwa mteja aliyeko Kariakoo. Watu wazima kibao niliowaambia hivyo hawakuniamini.

Ujumbe tumeuchora kama dereva wa bodaboda mwenye bahasha mgongoni, anatoka kwenye simu ya Mama, anapanda mnara, anashuka ardhini, anapita Morogoro chini kwa chini, anafika Dar anazama baharini na helmeti yake. Anakwenda weeee mpaka anakuta njia imekatika.

MACHI

Mwezi huu ni wa kurasa tatu na nne na tano, za chini ya bahari, na hapa nikiri tumekaa sana kwa sababu patamu.

Kwanza watoto wengi, na walimu wawili, walikuwa wanaamini intaneti inatoka kwenye setilaiti. Wana sababu, zamani ndivyo ilivyokuwa kwetu, nchi za Afrika Mashariki zilitegemea setilaiti, bei juu na kasi ya kinyonga, mpaka waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar mwaka 2009 na mwingine, EASSy, ukafuata 2010. Leo zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya bara na bara yanapita kwenye nyaya za baharini. Ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kabisa, mwanga unakimbia humo, na kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa cha kuupa nguvu upya, ambacho chenyewe kinakula umeme unaosafirishwa na waya huohuo kutoka nchi kavu.

Unene wa waya wenyewe kwenye maji marefu ni kama milimita 20 hivi. Tuliwaambia watoto wapime kwenye rula. Kuna kijana wa nyuma kabisa aliweka rula juu ya kidole gumba, akaangalia, akaangalia tena, akauliza hiki ndicho kinabeba TikTok yote? Darasa zima likaanza kupima vidole. Dada mchoraji alikuwa amekaa dirishani akauchora mkono ule palepale, na sasa ndio ukurasa wa tatu, mkono na rula tu, kiputo kidogo pembeni. Mwalimu anasema katika kurasa zote huo ndio wanaourudia.

Sasa swali la pili, kama siku ile ya Mei waya ulikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, kwa nini data zisipitie kaskazini? Hapa ndipo ushirikiano ulipoingia wenyewe bila kubebwa. Kaskazini nako kulikuwa na majeraha, Februari ya mwaka huohuo nyaya kadhaa, SEACOM ikiwemo, zilikatika kwenye Bahari ya Shamu. Na meli ya kutengeneza nyaya haijiingilii tu kwenye maji ya nchi ya watu, inahitaji kibali, na Yemen kuna vita na kuna mamlaka mbili zinazogombea nchi moja, sasa kibali unaomba kwa nani? Seche anauliza hivyohivyo. Ndahani anakosa jibu. Babu naye, kwa mara ya kwanza, kimya.

Fremu za matengenezo tumezichora kwa raha zote. Mafundi wa nchi kavu wanatuma mwanga kwenye waya, unagonga palipokatika unarudi, wanapima muda uliotumika wanajua umbali wa tatizo. Meli inakwenda hapo, inaburuta nanga ya kulabu mpaka inaunasa waya, inaupandisha juu, mafundi wanaunga nyuzi kwenye chumba maalumu ndani ya meli, wanaushusha tena. Meli za kazi hii ni chache duniani, kwa huku kwetu inayojulikana zaidi ni Léon Thévenin ambayo kituo chake ni Cape Town. Nchi hazina kila moja meli yake, haiwezekani, ndio maana wenye nyaya wanachangia mikataba ya pamoja ya matengenezo, waya wako ukikatika meli inakuja, wa jirani ukikatika inakwenda kwake.

Na ukurasa wa saba nimeupigania. Dereva wetu wa boda akiwa anarudi kutoka baharini anakutana Dar na foleni ya wenzake, wengine wana bahasha za Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi. Nchi hizo hazina bahari, mkongo wetu umefika mipakani kwao, na sehemu ya mawasiliano yao inapita kwetu. Hapo mtoto anaona kwamba sisi nasi ni njia ya mtu. Hakuna kiputo kinachosema hivyo, foleni inatosha.

Mambo mawili ya kiufundi kabla sijasahau. La kwanza fotokopi. Kule steshenari karibu na Nyerere Square ukurasa ni shilingi 100 na mashine imechoka, kwa hiyo kivuli chochote cha penseli kinatoka cheusi tii, sura za watu zikawa madoa. Dada kaachana na vivuli, sasa anachora mistari mitupu, nywele na nguo ndio anazijaza wino, sura anaziacha wazi, na cha ajabu zimependeza zaidi. La pili ni mpangilio. Watoto ambao hawajazoea katuni hawasomi kwa mstari kama sisi, wengine walishuka na safu ya kushoto mpaka chini halafu wakapanda kulia, hadithi ikawa waya umeunganishwa kabla haujakatika. Sasa tunaacha nafasi kubwa kati ya mstari na mstari na ndogo kati ya fremu na fremu, hilo tu, limemaliza tatizo kwa karibu wote.

APRILI

Toleo la kwanza limetoka. A4 inakunjwa katikati, kurasa nane ni karatasi mbili pande zote, pini mbili mgongoni basi. Kwa WhatsApp tunatuma kama faili la PDF na sio picha, picha zinaminywa mpaka herufi zinakuwa sisimizi.

Toleo la pili ni la +255, na nilikuwa na wasiwasi nalo maana namba ni namba, utachora nini? Kumbe historia yenyewe ina mchezo wa kuigiza ndani yake. Kabla nchi hazijakubaliana, telegramu ilikuwa haivuki mpaka. Pale Strasbourg, miaka ya 1850, kulikuwa na ofisi moja, karani wa Ufaransa upande huu na karani wa Baden, dola ya Kijerumani ya wakati huo, upande ule. Mfaransa anapokea ujumbe kutoka Paris, anauandika kwenye karatasi, anampa mwenzake juu ya meza, mwenzake anautafsiri, ndio anautuma upya kwa mtambo wake. Fikiria meza moja, waya mbili, na katikati mkono wa mtu. Mwaka 1865 nchi 20 zikakutana Paris zikaunda umoja wa telegrafu, ambao leo ni ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva, na hao ndio wanaogawa namba za nchi.

Mwalimu akawaigizisha. Madawati mawili yamegusana, huku Kiswahili kule Kigogo, ujumbe unatoka mwisho wa darasa unafika kwa karani wa kwanza anaandika anampa wa pili anatafsiri anausukuma mbele. Ujumbe ulikuwa "leta ndoo mbili za maji". Ulipofika mwisho ndoo zilikuwa tano na maji hayapo. Kelele zile mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia, shikamoo zikapigwa, akasimama mlangoni kidogo akaondoka anatabasamu.

Namba zenyewe nazo watoto wamezipenda. Afrika karibu yote tunaanza na 2. Kenya 254, sisi 255, Uganda 256, Burundi 257, Msumbiji 258, Rwanda wao 250. Ukipiga simu ya mezani Zanzibar kutoka nje ni 255 halafu 24, Dodoma ni 255 halafu 26. Kuna mmoja alisema kwa hiyo Kenya wako mbele yetu kwa moja, akazomewa.

Halafu likaja swali ambalo bado linaniwasha. Binti yuleyule wa bahari. Kasema, sawa wamekubaliana, lakini kipimo anaamua nani? Mwaka 1865 pale Paris Tanganyika haikuwepo, Afrika nzima hakuna aliyeulizwa chochote. Nikasema hili tusilifunike. Tumeongeza fremu mbili, Babu anaangalia picha ya ule mkutano wa Paris anauliza "sisi tulikuwa wapi?", na inayofuata ni mkutano wa zama zetu, nchi zaidi ya 190, kila moja kura moja, ndogo kwa kubwa, na kwenye kiti cha mbele yupo Hamadoun Touré wa Mali aliyekuwa katibu mkuu wa ITU kuanzia 2007 mpaka 2014. Babu hajaridhika na jibu hilo, na tumemwacha hivyohivyo hajaridhika, maana hata mimi naona wenye mitambo mikubwa bado ndio wanaofika mezani na karatasi zimeshaandikwa.

MEI

Mwezi wa mavuno. Dada kaenda kwao Kongwa, mwalimu ana mitihani ya kusahihisha. Ukurasa mmoja tu.

JUNI

Kompyuta ya kuazima imepatikana, dada anajifunza Krita, programu ya bure ya kuchorea inayotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali. Anasema nusu ya vitufe haelewi vinafanya nini ila kufuta bila kuchafua karatasi ni neema.

Toleo la tatu ni reli, na hili ndilo la nyumbani kabisa. Hakuna mtoto Dodoma asiyejua mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka. Treni za abiria za SGR, reli yetu mpya ya umeme, zilianza kufika hapa kutoka Dar tarehe 25 Julai 2024 na tangu hapo michoro ya madaftarini imejaa pua za treni. Tungeweza kufanya ile ya kawaida, reli wamejenga Yapı Merkezi wa Uturuki, mchongoko wenyewe umetoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, umeme kilovolti 25, mwendo kilomita 160 kwa saa, asanteni. Ipo ndani, fremu mbili. Ila hadithi tumempa Babu, na Babu ameileta na kisasi chake cha milimita 67.

Iko hivi. Reli ya kati ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1000. Ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba kutoka China, ikakabidhiwa 1976. Upana wake ni milimita 1067, kwa sababu ilitakiwa iungane na reli za Zambia na kusini huko. Kwa maana nyingine tulikubaliana kipimo na jirani, ila nyumbani tukabaki na reli mbili zisizoweza kupokezana behewa, zote zinaanzia jiji moja. Zinakutana Kidatu, na pale mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hili kwenda lile. Na sasa SGR ni milimita 1435, cha tatu.

Babu kwenye katuni amesimama Kidatu na rula, anapima reli huku, anapima reli kule, anampa Seche rula ashike mwenyewe. "Milimita sitini na saba mjukuu wangu, hata kidole chako kirefu kinazidi. Zimenitoa jasho miaka yote." Fremu inayofuata haina neno hata moja, ni magunia tu yanashushwa na kupakiwa, kushushwa na kupakiwa, ukurasa mzima. Dada kachora kila gunia tofauti, moja limetoboka na mahindi yanamwagika, na kuku yuko chini anafanya yake.

Mwalimu alitaka pale chini tuandike maelezo ya faida za viwango vya pamoja. Tumebishana kwa heshima, yeye ni mwalimu na ana mtaala wake wa kuufikisha, namwelewa. Tukakubaliana maelezo yawe kwenye karatasi ya mwalimu pembeni, pamoja na maswali, na ukurasa wa magunia ubaki bubu. Lugha nayo tumemaliza ugomvi kwa njia hiyohiyo, watoto kwenye viputo waongee wanavyoongea mtaani, kisanduku cha msimulizi kiwe sanifu.

JULAI

Waliotoa hela ya karatasi wameona matoleo mawili ya kwanza. Wamefurahi, ila wanauliza ukurasa wa kupeana mikono uko wapi. Dada mchoraji akataka kujibu yeye, nikamzuia, namjua. Tukawajibu kwa upole kwamba mikono ipo, toleo la pili ukurasa wa nne, karani wa Ufaransa anampa wa Baden karatasi juu ya meza, mikono miwili kabisa inaonekana na wino kwenye vidole. Walikaa kimya siku kadhaa halafu wakasema sawa, ila wakaomba nembo yao ikae nyuma. Nembo imekaa nyuma.

Wameuliza pia kwa nini wahusika wanabishana sana, ushirikiano si ni maelewano? Hili sikulikubali na nimewaandikia kwa urefu. Watu wasiobishana hawana haja ya mkutano. Mtu akitaka kumfundisha kijana kwamba nchi zinaelewana kwa sababu zinapendana, kijana huyo akifika kidato cha nne akasikia vita ya Yemen na waya umelala chini hautengenezeki, atajua ulimdanganya. Bora aone mapema kwamba wanaogombana asubuhi jioni wanalazimika kukaa wapange masafa ya redio, kwa sababu wasipopanga redio zao wote zinakoroma.

Nakala zinazunguka kuliko tulivyochapa. Nimekuta moja Makole kwenye kibanda cha chipsi, imefotokopiwa kutoka fotokopi, Babu amebaki macho na kofia tu. Muuzaji anasema kaiacha mteja. Nimemwachia nzima.

AGOSTI

Tulipata kona ya meza kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, kwa hisani ya mtu mwenye banda la mbegu. Vumbi na upepo wa Agosti mnaujua, tuliweka mawe juu ya vitabu. Vijana walikuja kwa ajili ya mchongoko, lakini wazee ndio waliokaa. Mzee mmoja wa Bahi mkulima wa mpunga akasoma toleo la waya mpaka mwisho, amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, akakifunga akauliza, na mvua je? Huyu anayesema mvua zitachelewa anajua vipi? Tukaangaliana na mwalimu.

Kwa hiyo toleo la nne ni hali ya hewa. Nimeanza kukusanya na linanona. Vituo vya hali ya hewa duniani vinapima kwa saa zilezile kwa wakati mmoja, sio kila nchi na saa yake, kwetu zile kuu zinaangukia saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa mchana na saa tatu usiku. Maana yake mtu wa zamu hapa Dodoma akisoma kipimajoto saa tisa usiku, muda huohuo kuna mwenzake anasoma India na mwingine Brazili, na wote wanatuma kwenye chungu kimoja kupitia mpango wa WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioanza 1963, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti hazisalimiani. Upepo haujui mpaka, mvua yetu inapikwa kwenye Bahari ya Hindi huko, bila vipimo vya wengine TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wangekuwa wanabashiri kama Babu anavyobashiri kwa goti lake.

Goti la Babu tayari liko fremu ya kwanza. Dada anataka ukurasa wa katikati uwe dunia nzima saa tisa usiku ya Dodoma, kila mtu kashika kipimajoto chake, kwingine jua linawaka kwingine theluji, na mimi kazi yangu ni kumtafutia saa sahihi ya kila sehemu atakayochora, maana mwalimu kashasema watoto watazikagua moja moja. Hadi leo tumeshapanga Dodoma, Mumbai, Tokyo na London. Kurasa mbili za kwanza zinakwenda Chang'ombe Alhamisi kipindi cha mwisho, mashine ya fotokopi ikikubali.